Apolo Kivebulaya, Mtumishi Aliyekataa Kuogopa Mikosi

Katika ukurasa wetu wa maisha ya watumishi wa zamani, mwezi huu tunamleta mtu ambaye sisi tuliotoka Ituri tumesikia jina lake tangu utoto, ingawa wengi wetu hatujui habari zake vizuri. Ni Kanoni Apolo Kivebulaya wa Boga.

Lakini kwanza nieleze kwa nini nimemchagua yeye. Hapa Bugolobi ninapokaa, ndugu wanaokuja Kampala kwa ajili ya hospitali au kufuatilia karatasi hulala kwetu siku mbili tatu. Majuzi alikuja mama mmoja na mtoto wake mwenye ugonjwa wa masikio. Alikuwa amengoja siku ya kuonana na daktari kwa muda wa miezi minne. Asubuhi ile alitoka nje kabla jua halijachomoza, mtoto mgongoni. Juu ya bati la jirani alikuwa amesimama kalooli, yule ndege mkubwa mwenye upara na mfuko shingoni, ambaye huku Kampala anakula takataka za sokoni. Mama hakuwahi kumwona kwa karibu namna ile. Akashtuka, na aliporudi nyuma akajikwaa mguu wa kushoto penye mfereji. Basi yakaisha hapo hapo. Aliingia ndani, akaketi kitandani na mtoto, akasema kwamba siku hiyo imekwisha kukataa. Tulimsihi, mume wangu akajitolea kumsindikiza, haikusaidia. Saa nne ilipofika nafasi ilikuwa imepotea, akapewa tarehe nyingine wiki saba mbele.

Siandiki haya ili tumcheke. Mimi nilikulia katika nyumba ambamo bundi akilia hakuna aliyelala, na kufagia usiku ilikuwa ni kufukuza riziki. Jicho la chini likicheza, tulingoja machozi. Wenyeji wa hapa nao wanalo neno kisirani, sawasawa na sisi, na utamkuta mfanyabiashara wa sokoni amenuna mchana kutwa kwa sababu mteja wa kwanza aliuliza bei akaondoka bila kununua. Tena sisi wakimbizi tuna sababu yetu zaidi. Mtu aliyepoteza nyumba, shamba na ndugu kwa usiku mmoja huanza kujiuliza kama kulikuwa na dalili ambayo hakuiona. Wazee walisema aliyetafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sasa mtu akiisha kushtuka kwa kila unyasi, hawezi tena kutembea, na hospitali haimfuati nyumbani.

Ndiyo maana siku ile jioni tulikaa sebuleni tukazungumza habari za Apolo.

Apolo alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864, naye alikuwa pacha. Jina lake la kwanza lilikuwa Waswa, ambalo Waganda humpa pacha wa kiume anayetangulia kuzaliwa. Anayemfuata, akiwa wa kiume, huitwa Kato. Wale waliokaa na Waganda wanajua uzito wa mapacha kwao. Baba hubadilika jina akaitwa Ssalongo, mama akaitwa Nnalongo, vitovu vya watoto vilihifadhiwa, na kulikuwa na ngoma na taratibu ndefu ambazo zisipofuatwa iliaminika kwamba balaa lingeupata ukoo mzima. Kwa hiyo mtoto huyu hakuikuta hofu ya mikosi ukubwani. Alizaliwa ndani yake.

Na haikuwa hofu ya watu wadogo peke yao. Mwishoni mwa mwaka 1879 Kabaka Mutesa alikuwa mgonjwa, na wazee wa ikulu wakataka aletwe mtu aliyesema kwa niaba ya Mukasa, yule lubaale wa ziwa kubwa la Nyanza, ili amponye. Mmisionari Alexander Mackay, aliyefika Buganda mwaka uliotangulia, alipinga kwa nguvu zake zote, lakini mjumbe wa Mukasa alipokewa ikulu kwa heshima. Kama mfalme mwenyewe alitetemeka, mwananchi wa kawaida angefanya nini?

Ujana wa Apolo ulipita katika miaka ya vita vya dini vilivyoivuruga Buganda kuanzia mwaka 1888. Mwaka 1891 alikuwa katika msafara wa Kapteni Lugard uliokwenda Toro, magharibi, upande wa milima ya Ruwenzori. Alikuwa mtu wa silaha, na maisha yake ya wakati ule si ya kuigwa. Alibatizwa mwaka 1895 akiwa mtu mzima wa miaka thelathini hivi, akachukua jina la Apolo, yule mhubiri hodari anayetajwa katika Matendo ya Mitume sura ya 18. Kivebulaya ni jina la utani alilopewa na watu kwa sababu alipenda kuvaa vazi la Kizungu pamoja na kanzu yake. Maana yake ni kitu kitokacho Ulaya. Yeye hakuchukia, akaenda nalo mpaka kaburini.

Alikuwa amechumbia, lakini mchumba wake akafariki, na baada ya hapo hakuoa tena. Katika nchi zetu mwanamume asiye na mke wala mtoto hutazamwa kwa jicho la shaka, na wengi wangekwenda kuuliza kwa mganga ni nani amemfunga. Apolo hakwenda. Alijitoa kwa kazi ya kanisa, akapelekwa Toro kuwa mwalimu.

Ng'ambo ya pili ya milima na ya mto Semliki kulikuwa na kilima cha Boga, nchi ya Wahema, na nyuma yake msitu mkubwa wa Ituri. Walimu wawili Waganda waliotangulia kufika huko walishindwa na njaa, kwa sababu watu walikataa kuwapa chakula, wakarudi. Mwishoni mwa mwaka 1896 Apolo alijitolea kuchukua nafasi yao. Alikwenda na jembe. Alipofika na kukuta kwamba naye hapewi chakula, alilima shamba lake mwenyewe, akala jasho lake, akaendelea kufundisha. Mimi hapa huwa natabasamu kidogo, maana sisi sote tuliopewa kiwanja makazini tunajua jembe linavyoweza kukuokoa mahali ambapo hujulikani.

Kwa nini walimkataa? Watu wa Boga, kama jirani zao wa Toro na Bunyoro, waliziheshimu roho za Bacwezi, na walikuwapo watu waliosema kwa niaba ya roho hizo. Ukiugua, ukikosa mvua, ng'ombe akitupa mimba, ulikwenda kuuliza ni roho gani imeudhika na inataka nini. Mgeni aliyekuja kusema kwamba hakuna haja ya kuuliza alikuwa anawavulia watu nguo yao ya kujikinga. Chifu Tabaro naye hakupenda kuambiwa habari za pombe na wake wengi. Apolo alipigwa. Hakuondoka.

Halafu ukatokea msiba. Dada wa chifu alikufa kwa ajali wakati wa kazi ya ujenzi. Katika matete ya kujengea ulikuwamo mkuki ambao haukuonekana, mwanamke yule akauangukia. Na mkuki ulikuwa wa Apolo.

Naomba tukae hapa kidogo, wapendwa, kwa maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Hakuna aliyemwona Apolo akimchoma mtu. Mkuki uliolazwa ndani ya majani ni hatari kwa yeyote anayepita, na mtu mwenye mkuki angeweza kulaumiwa kwa uzembe, akatoa pole na fidia. Lakini hofu ya mikosi haiulizi kitu kilitokeaje. Inauliza ni nani. Na jibu lake liko tayari siku zote: ni yule mgeni, ni yule asiyefuata mila, ni yule ambaye tangu aje mambo hayajakaa sawa. Apolo alishtakiwa kwa mauaji. Alikamatwa, akapelekwa ng'ambo ya milima mpaka kwa Waingereza huko Toro, mahali panapoitwa leo Fort Portal, akatiwa gerezani. Baadaye aliachiliwa, maana hakuwa muuaji.

Ni wangapi kati yetu wamewahi kuwa mkuki ndani ya majani? Makazini kuna mjane ambaye mtu alikufa katika nyumba ya jirani yake, na kwa sababu bundi alitua juu ya hema lake siku hiyo, hachotewi maji mpaka leo. Kule kwetu Kongo watoto wadogo, tena mara nyingi yatima au wenye ulemavu, wamefukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi kwa sababu mjomba alipoteza kazi. Jambo hilo lilizidi hata serikali ya Kongo ikaliweka katika sheria ya kumlinda mtoto ya Januari 2009, kwamba kumshitaki mtoto kwa uchawi ni kosa la jinai. Na inaniuma kusema kwamba baadhi ya watoto hao walitajwa ndani ya nyumba za ibada. Tunaanza na kalooli juu ya bati, jambo dogo la kuchekesha, lakini njia ni ile ile moja, na mwisho wake kuna mtu amesimama peke yake.

Tuendelee. Katika siku hizo za mateso Apolo aliona maono. Alimwona Kristo aking'aa kama jua, akimtia moyo asiogope. Maono hayo aliyasimulia mpaka uzee wake. Mume wangu, ambaye hupenda kubishana, aliuliza jioni ile kama kuamini maono si sawa na kuamini ndoto na bundi. Swali ni zuri na sitalikwepa. Apolo hakuwa mtu wa kudharau mambo ya rohoni. Yeye aliomba, alifunga, aliota ndoto na kuzifuata. Lakini tazameni maono yake yalimwambia nini. Hayakumtajia adui. Hayakumwambia nani alimfitini kwa chifu, wala hayakumzuia kupita njia fulani au kumla kuku wa rangi fulani. Yalimwambia asiogope na aendelee na kazi. Ndoto ya mikosi humrudisha mtu kitandani, na ndoto za Apolo zilimtoa kila mara kwenda mbali zaidi.

Alirudi Boga. Hebu fikirini: kurudi kwa watu waliokufunga, ambao bado wana kaburi la ndugu yao na wanajua mkuki ulikuwa wa nani. Hakutafuta dawa ya kujikinga na kisasi. Aliendelea kulima, kufundisha watu kusoma, na kuwazika waliokufa. Na mwisho Tabaro mwenyewe, yule chifu aliyemtoa akiwa mfungwa, aliomba kubatizwa, akaitwa Paulo. Waliobatizwa pamoja naye walitakiwa kuacha hirizi zao. Msidhani ni jambo jepesi. Hirizi ambayo mama yako alikufunga kiunoni ukiwa mchanga, ukiifungua unangoja usiku wa kwanza uone kama utaamka. Ukiamka, unangoja wa pili.

Baadaye kanisa lilimwita Toro, akakaa huko miaka mingi. Alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Alizunguka vijiji vya chini ya Ruwenzori, ambako Bakonzo waliamini kwamba Kithasamba anakaa juu kwenye theluji. Sehemu hii nitaipita haraka, ingawa ilikuwa kazi kubwa. Huku nyuma wazungu waligawana nchi, na kwa mapatano ya mwaka 1910 Boga ikaangukia upande wa Wabelgiji. Wakristo wa Boga walijikuta katika nchi nyingine bila kuhama, nasi tunaelewa mambo ya mpaka kuhama juu ya vichwa vya watu. Mwaka 1915 Apolo, mtu wa miaka hamsini sasa, aliomba kurudi kwao, akarudi.

Kazi yake ya mwisho aliianza mwaka 1921, nayo ilikuwa msituni kwa Wambuti. Watu wa vilimani waliuogopa msitu ule. Na Wambuti wenyewe walidharauliwa, wakahesabiwa karibu na wanyama. Hata leo, tuseme ukweli, kuna Mkristo asiyekubali kula sahani moja na Mmbuti. Apolo aliingia msituni, akaketi nao, akajifunza lugha yao, akashughulika kuitafsiri Injili ya Marko ili waisikie kwa maneno yao. Aliwabatiza. Mwaka 1922 alipewa heshima ya kuwa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, lakini heshima hiyo haikumfanya ahamie mjini.

Mwanzoni mwa mwaka 1933 mwili ulichoka, akaja Kampala kutibiwa katika hospitali ya Mengo, ile iliyoanzishwa na daktari Albert Cook mwaka 1897. Kutoka kwetu Bugolobi ukivuka mji wote kwenda magharibi unafika Namirembe, na Mengo iko hapo hapo chini yake. Madaktari waliona kwamba moyo wake umekwisha. Angeweza kubaki kati ya Waganda wenzake, azikwe karibu na kanisa kuu, na watu wengi wangelifuata jeneza lake. Aliomba arudishwe Boga. Safari ile, kwa mtu mwenye moyo mgonjwa, kupita Toro, kushuka bonde la Semliki na kupanda tena, mnaijua ninyi mlioivuka kwa miguu mkija huku. Yeye aliivuka akielekea tulikotoka.

Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Kabla ya kufa aliacha agizo moja kuhusu maziko yake. Desturi ilitaka marehemu alazwe kichwa kikielekea kwao, na kwao Apolo ni mashariki, Buganda. Mtu aliyezikwa vibaya, watu waliamini, hatulii, na walio hai hulipa. Apolo alitaka kichwa chake kielekee magharibi, kwenye msitu, ambako kazi ilikuwa haijakwisha. Fikirini wale waliochimba kaburi, baadhi yao wakiwa watoto wa watu waliosema kwa niaba ya Bacwezi. Walisimama na jembe mkononi, wakijua kila kitu walichofundishwa kuhusu wafu, wakageuza kaburi kama alivyoagiza. Wakarudi nyumbani, wakalala, wakaamka. Kanisa lililokuwa kilima kimoja likaenea, likawa dayosisi mwaka 1972, na mwaka 1992 Waanglikana wa nchi nzima wakawa na jimbo lao, na askofu mkuu wao wa kwanza, Njojo, alikuwa mtu wa Boga.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ni zito, na baadhi yenu mnaosoma mlikuwako. Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Mei 2021, watu wenye silaha walishambulia Boga na Tchabi, wakaua zaidi ya watu hamsini, wengi wao wakiwa tayari wamekimbia kutoka kwingine. Ilikuwa siku ile ile kanisa linapomkumbuka Apolo. Nimesikia kwa masikio yangu watu wakiunganisha tarehe hizo mbili, na mmoja akataja hata lile kaburi lililoelekezwa upande usio wa desturi. Yalinichoma. Waliokuja usiku ule walikuwa watu, walikuwa na silaha, waliamua kuua. Wana majina, na siku moja watajibu. Ukiipa tarehe lawama hiyo, umewapunguzia wao. Na marehemu wetu hawakufa kwa sababu kuna dalili ambayo mama zao walishindwa kuisoma.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, mtoto amelala mapajani. Hakusema kama amekubali au hapana. Aliuliza tu kama ni kweli Apolo alikuwa pacha, maana yeye mwenyewe amezaa mapacha, na mmoja alibaki Boga.

Wiki saba zilipita akarudi kwetu. Asubuhi yake tulitoka pamoja. Juu ya bati walikuwapo kalooli wawili. Alisimama, akawatazama kwa muda, akamfunga mtoto vizuri mgongoni, tukashuka kwenda kutafuta matatu. Daktari alimwona saa tano. Mtoto amepewa dawa ya matone ya masikio, na anatakiwa arudi kupimwa usikivu baada ya mwezi mmoja.